Gorogoro la Udongo Tulilolibeba Mpaka Ogwedhi

Kwako dada Akinyi, uliye mbali ukipiga pasi nguo za watu wasiojua hata jina lako lina maana gani,

Nakuandikia hadharani kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza tu, wewe unauliza, "Mmekula?" Nikisema tumekula, unauliza tumekula nini. Nikikwambia samaki, unataka kujua samaki gani na nani kampika, na kabla sijafika kwenye neno lililonifanya nikupigie, mwajiri wako anakuita, simu inakatika. Mimi ni msusi, dada. Kutwa nzima hapa Migori wanawake hukaa mbele yangu na vichwa vyao mikononi mwangu, nami naongea nitakavyo, hakuna anayenikatiza. Ni wewe peke yako unayeniweza. Basi leo utanisikiliza mpaka mwisho, na kwa kuwa najua utauliza, ndiyo, tumekula.

Majuzi ulisema jambo ambalo mpaka sasa halijanitoka kichwani. Ulisema mkataba wako unaisha na wanataka utie sahihi mwingine, na huenda ukatia. Nikakuuliza kwani hujachoka na huko. Ukasema umechoka, lakini urudi wapi? "Nitakuja kama mgeni tu, wiki mbili tatu, halafu nirudi. Hapo dala, hapo nyumbani, sina pangu, Awuor. Otieno ana nyumba yake, wewe na Achieng' mmeolewa. Nikija nitalala kwa nani?" Kisha ukasema kwa ile sauti yako ya chini, "Na tena, sijafanya kitu cha maana maishani mwangu cha kurudi nacho." Halafu ukaniuliza kama mvua imeanza.

Nilikasirika, dada, sikufichi. Nilisuka siku nzima nikiwa nimenuna mpaka mteja mmoja akaniuliza kama nina jino linaloniuma. Sikuwa na jino. Nilikuwa na wewe. Mtu aliyefanya uliyoyafanya hawezi kusema hajafanya kitu, labda awe amesahau, au pengine hakuwahi kujitazama. Sasa kaa, nikukumbushe.

Mama alipozikwa, baba alikuwa ameshamtangulia. Wewe ulikuwa darasa la saba, mimi la tatu, Otieno alikuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya mbele, na Achieng' alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Watu wa matanga waliondoka, wakachukua viti vyao vya kukodi na turubai lao, uwanja ukabaki na alama za miguu na mifupa ya ng'ombe. Mimi nilidhani tungekaa tu pale mlangoni mpaka mtu mzima mwingine aje. Wewe ulishika ufagio. Ulifagia uwanja wote, ukafika mpaka kwenye ua, kisha ukatuita ukasema, "Sasa hii nyumba ni yetu. Mtu akiuliza tunaendeleaje, tunasema tunaendelea." Nimekuwa nikilitumia jibu hilo mpaka leo, hata kwa mwenye nyumba ya saluni.

Unakumbuka lanchi? Pale shuleni kwetu Kendu Bay, kengele ya saa sita ikilia, wenye chakula walifungua mikebe yao, na wasio na chakula walizunguka darasa wakijifanya wanatafuta kalamu. Wewe ulitukataza kuzunguka darasa. Kengele ikilia, ulikuja darasani kwangu, ukanishika mkono, tukampitia Otieno, tukateremka mpaka ziwani. "Twende lanchi," ulisema, kwa sauti ya kusikika. Lanchi yetu ilikuwa kuogelea. Tulipiga mbizi, tukanywa maji ya kutosha, tukalala juu ya mawe kama kenge mpaka jua litukaushe. Tulirudi darasani na nywele mbichi na macho mekundu, tumechangamka, na wale wenye mikebe wakatuonea wivu. Kuna msichana mmoja, babake alikuwa na duka, aliwahi kuniambia nimpe nafasi yangu ya lanchi naye anipe wali wake. Nilikuja kukuuliza kama naruhusiwa. Ulicheka mpaka ukakaa chini, ukasema nikubali haraka kabla hajapata akili.

Na ule mchezo wa mgeni, dada. Nimewasimulia wateja wangu mara nyingi, na kila mara kuna mmoja anayeomba nisimamishe sega kidogo ajifute macho. Kila jioni mmoja wetu alikuwa mgeni. Alitoka nje, akapiga hodi, nasi tukamwambia karibu, tukampa kile kiti kimoja chenye mgongo. Tulimnawisha mikono. Ugali ukiwa mdogo, na ulikuwa mdogo karibu kila siku, mgeni alipakuliwa kwanza na akapakuliwa mwingi, kwa maana mgeni hapewi makombo. Sisi wenyeji tulikula kilichobaki kwa adabu, tukimuuliza habari za safari. Naye alitakiwa kulipa kwa habari. Otieno alikuwa akisema ametoka Kisumu kwa ndege, na kwamba rubani alimwachia ashike usukani. Hivyo kila mtu alijua kwamba siku yake ya kushiba ipo, inakuja, na akishiba atashiba kwa heshima. Hatukuwahi kugombania sahani. Watoto wenye njaa wanaogombania sahani nimewaona wengi baadaye, na siwalaumu hata kidogo, ila wao hawakuwa na wewe.

Zamu yako tu ndiyo haikufika. Otieno alikuuliza siku moja, "Na wewe utakuwa mgeni lini?" Ulikuwa unakwangua sufuria. Ulimjibu bila kugeuka, "Mimi nitakuwaje mgeni, na hapa ni kwangu?" Lishike hilo neno, dada, nitalirudia.

Hata kwenye matanga ya watu ulikuwa na sheria zako. Kwetu kila mtu anajua kwamba mtoto mwenye njaa huenda matangani, maana pale sufuria haziulizi wewe ni wa nani. Nasi tulikwenda, kwa nini tusiende. Lakini kwanza ulitutafutia mitungi, tukachota maji, tukaokota kuni, Achieng' akaachiwa kazi ya kufukuza kuku. Ndipo tukapanga foleni. "Tunakula kama wafanyakazi, si kama nzi," ulisema. Akina mama wa kanisani walianza kutuita hata kabla ya maiti kufika, kwa sababu watoto wa marehemu mama yetu walijulikana kwa kazi. Nilidhani ulikuwa mkali tu. Sasa ndiyo naona ulikuwa unatulinda tusijione ombaomba.

Lakini haya yote ni madogo ukilinganisha na Ogwedhi. Wewe huisimulii Ogwedhi. Mimi nitaisimulia, kwa kuwa nilikuwepo na nilibeba mzigo.

Baba mkubwa Oloo, kakake baba, ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma letu, kwa sababu baba alikufa kabla ya kuhama kutoka boma la babu. Alikuwa ameshahamia Ogwedhi na mkewe kwa biashara ya ng'ombe, nyumba yake pale nyumbani ikawa na kufuli. Baada ya matanga aliwaita wazee, wakakaa, nasi tukasikiliza kupitia dirisha la jikoni. Otieno angeenda Ogwedhi akachunge. Mimi ningevushwa Mfangano kwa shangazi, nikaanike omena, wale dagaa wa ziwani. Achieng' angepelekwa kwa watu wa mama huko Awendo. Kuhusu wewe walisema msichana wa rika lako hakosi mtu wa kumwoa. Hakuwa mtu mbaya, na wewe ndiye uliyenifundisha nisimwite mbaya. Aliona watoto wanne bila mtu mzima, akafanya hesabu ambayo mtu mzima yeyote angeifanya.

Ulitoka jikoni, ukasimama mbele ya wazee ukiwa na Achieng' mgongoni. Ulisema tutalima. Baba mkubwa akakutazama kwa muda, akasema, "Haya. Tuone msimu huu. Mkivuna, mkae. Msipovuna, nitawagawa, na usinililie." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Tangu siku hiyo sikulala vizuri, kwa maana nilijua kisiwa cha Mfangano kiko wapi, nilikuwa nakiona kwenye ramani ya darasani, kimezungukwa na maji pande zote.

Mzee Ogola, jirani yetu wa chini, alitulimia kwa ng'ombe wake bila kuomba kitu. Mbegu ulikuwa nazo, zile alizoziacha mama zikining'inia juu ya moshi. Mvua ya masika ikaja. Mzee Ogola akaja na ng'ombe wake atuchoree mistari ya kupandia, akatupa jicho kwenye nyumba ya baba mkubwa, akaona kufuli. Akawafungua ng'ombe nira.

Wewe unajua kwa nini, lakini wako watakaosoma barua hii ambao si wa kwetu. Katika boma la Waluo, mkubwa ndiye hutia mbegu kwanza, kisha anayemfuata, hivyo hivyo mpaka mdogo. Mdogo akimtangulia mkubwa, mwiko umevunjika, na watu huogopa chira, ule udhoofu unaomla mtu polepole na usiojulikana dawa. "Nyathina," Mzee Ogola alikwambia, "mtoto wangu, mimi nawapenda. Lakini siwezi kutia mkono kwenye mbegu inayomruka mkubwa. Mimi pia nina watoto." Hakukuwa na mtu mwingine ambaye angekubali. Tulimpigia baba mkubwa kwa simu ya jirani, akasema atakuja Jumapili. Jumapili ikapita. Tukapiga tena, akasema Jumapili. Sijui mpaka leo kama alikuwa amebanwa na kazi au alinyamaza makusudi ili msimu utupite, na sijamuuliza.

Majirani wote walikuwa wameshapanda. Mahindi yao yalianza kuchungulia. Shamba letu lilikaa jekundu, tupu, mvua ikilipiga bure, na mimi nilikuwa nimeshaanza kumuaga Otieno moyoni. Ndipo asubuhi moja nikakuona katikati ya shamba umechutama na gorogoro, ule mkebe wa kupimia mahindi. Ulikuwa unachota udongo. Nilidhani huzuni imekupanda kichwani. Ulijaza gorogoro, ukashindilia, ukalifunga juu kwa kitambaa cha mama, ukafunga mbegu kwenye ncha ya leso yako, ukaniambia nivae nguo ya Sabato, ile ya kanisani.

Watoto tuliwaacha kwa mkewe Mzee Ogola. Mzee Salim, yule mwenye duka la jumla pale mjini, alikuwa akipeleka chumvi ya ng'ombe Ogwedhi siku za soko, nawe ulikuwa umeshamwomba. Alilitazama gorogoro akauliza ni zawadi ya nani. "Ni shamba," ulisema. Alifikiri hukumsikia vizuri, lakini alikuwa mtu mwenye heshima, hakuuliza mara ya pili. Tulikaa juu ya magunia ya chumvi. Tulipokezana gorogoro njia nzima, na kila nilipotaka kuliweka chini ulisema hapana, litamwagika, na tukifika na nusu shamba baba mkubwa atapata sababu.

Soko la Ogwedhi lilinitisha. Ng'ombe wengi kuliko niliowahi kuona, na Wamasai, na Wakuria, na watu wetu, wote wakizungumza Kiswahili cha kununua na kuuza. Baba mkubwa alikuwa amesimama na wenzake, fimbo kwapani, akibishana juu ya fahali. Alipotuona alishtuka.

"Nyinyi mmefuata nini huku?"

"Tumekuja kukuita ukapande, baba. Mvua imenyesha."

"Si nilisema Jumapili?"

"Ulisema, baba. Jumapili ilikuja."

Wenzake waliguna. Yeye hakupenda. Akatoa kicheko cha mtu anayetaka wenzake wacheke naye. "Sasa mnataka nijigawe? Shamba liko Kendu, mimi niko Ogwedhi. Mngeniletea shamba hapa ningepanda sasa hivi, nirudi kwa ng'ombe wangu."

Walicheka. Wewe hukucheka. Ulinipokonya gorogoro mikononi, ukaliweka chini mbele ya viatu vyake pale kwenye mavi ya ng'ombe, ukafungua kitambaa. "Nimelileta, baba," ulisema. "Nimeuchota katikati ya shamba. Na mbegu hizi hapa." Ukapiga magoti, ukafungua ncha ya leso, ukamnyooshea kiganja.

Dada, ulikuwa mtoto. Nikiwatazama leo wasichana wa rika lako la wakati ule wakija saluni kusukwa na mama zao, wakilia sega likivuta, nashindwa kuamini. Ulikuwa umelijua jibu lake kabla hajalisema. Pale kwenye magunia ya chumvi, nilipokuwa nahesabu milima, ulikuwa unamsikia baba mkubwa akisema kila neno.

Hakuna aliyecheka tena. Mzee mmoja wa Kimasai alichutama, akachota udongo kidogo kwa vidole, akausugua, akaunusa. "Hii ni shamba kabisa," alisema. "Panda, mzee. Umesema wewe mwenyewe."

Baba mkubwa alilitazama gorogoro, akanitazama mimi, akakutazama wewe. Nilidhani atalipiga teke. Alimpa mwenzake fimbo, akainama, na alikuwa mtu mzito, kuinama kulimpa taabu. Alitoboa udongo kwa kidole, akatia mbegu, akafukia. Akafanya hivyo tena na tena mpaka gorogoro likajaa. Alipoinuka alifuta kidole kwenye suruali yake, akasema kwa Dholuo, lugha yetu, kwamba twende tukapande.

Akatupeleka hotelini akatununulia chai na chapati. Wewe ulikata chapati yako, ukanisukumia kipande kikubwa. "Kula yako," alikwambia, "kila mtu ana yake." Ukamjibu, "Huyu leo ni mgeni." Akauliza mgeni wa nani. Wewe hukutaka kueleza, lakini mimi mdomo wangu ulikuwa hivi hivi tangu zamani, nikamweleza yote, hodi, kiti chenye mgongo, rubani wa Otieno. Alisikiliza mpaka chai yake ikaingia utando. Kisha akajifuta uso kwa kofia, akaagiza chapati nyingine za kubeba, akasema kwamba ni za mgeni wa kesho.

Tuliporudi, Mzee Ogola alikuwa kwake anakata nyasi. "Amepanda?" aliuliza. Ulimfungulia kitambaa. Alama za kidole cha baba mkubwa zilikuwa bado zinaonekana juu ya udongo, kubwa, zimekaa kwa mstari. Mzee Ogola alizitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akamshikilia ng'ombe wake asianguke. Kisha akafunga nira. Ulimwaga gorogoro pale pale ulipokuwa umechota, kwa uangalifu, mbegu zikiwa ndani yake, na sisi wengine tukafuata na zetu. Watu waliokuwa wakipita njiani waliweka mizigo chini wakaja kusaidia, kwa sababu habari ya shamba lililosafiri ilikuwa imeshafika sokoni kwetu.

Hatukuvuna sana. Tulikuwa tumechelewa, na nyani hawakutuhurumia. Lakini baba mkubwa alipokuja, alisimama mlangoni, akainua macho akaona mahindi yananing'inia juu ya moshi kama mama alivyokuwa akiyaning'iniza. Alikaa kwenye kile kiti chenye mgongo bila kuambiwa. Tulimnawisha mikono. Alikula akamaliza, ndipo akasema, "Kaeni." Hakuna aliyetugawa.

Sitaki mtu asome hapa aseme umaskini ni shule nzuri. Watu husema hivyo wakiwa wameshiba. Njaa haikunifundisha kitu, ilinikata tumbo tu na kunifanya nisinzie kwenye hesabu. Wewe ndiye uliyetufundisha, njaa ikiwa imekaa pale pale na sisi. Na wewe nani alikufundisha? Hilo ndilo huwa najiuliza nikiwa nafagia nywele jioni. Uliacha shule ili sisi tuende. Uliuza omena, ulifua, ulipika mahotelini, na Achieng' alipopata nafasi ya chuo cha uuguzi ukapanda ndege kwenda huko uliko. Hukuwahi kutuambia ni vigumu. Ulikuwa unauliza tu kama tumekula.

Sasa nikupe habari, maana sikukuandikia barua hii kukukumbusha ya zamani tu.

Baba mkubwa amerudi nyumbani. Ni mzee sasa, miguu imemkataa, ng'ombe aliwaacha kwa wanawe. Sabato iliyopita tulikutana wote pale kwa Otieno, nami nikawaambia ulichosema, kwamba dala huna pako, maana mila haimjengei binti nyumba kwao. Otieno aliweka kijiko chini. Achieng' alianza kulia, unamjua. Baba mkubwa akauliza, "Lile gorogoro liko wapi?" Mkewe Otieno alilitoa jikoni, huwa anawekea chumvi. Baba mkubwa akalishika kwa mikono miwili, akasema, "Aliyenibebea shamba mpaka Ogwedhi, ni mwiko gani utamnyima nyumba katika boma hili? Na kama upo, uje uniulize mimi."

Basi Otieno amepima kiwanja. Kiko kati ya nyumba ya mama na ua, upande wa kuliona ziwa. Ameshapiga vigingi. Achieng', ambaye hajui kungoja, amenunua mlango. Nyumba haina hata shimo la msingi, lakini mlango upo, wa chuma, wa rangi ya buluu, umeegemezwa kwenye ukuta wa jiko na kuku wanalala nyuma yake. Mimi nimesema nitaleta kiti chenye mgongo.

Na uliniuliza kama mvua imeanza. Imeanza, dada. Baba mkubwa ameshatia mbegu yake, akashikiliwa huku na huku, lakini alitia. Majirani wote wamepanda. Shamba la mama limelimwa, mistari imechorwa, na liko tupu. Wapita njia wanamuuliza Otieno kama ni mgonjwa. Anawajibu, "Namngoja mkubwa wangu." Mila ya zamani haikukuhesabu, kwa kuwa wewe ni msichana. Baba mkubwa amekuhesabu. Amesema katika nyumba ya mama yetu wewe ndiye wa kwanza, na hakuna atakayetia mbegu mpaka mkono wako utangulie. Usitutumie udongo, na usifikiri tutakuletea gorogoro huko. Safari hii ni wewe utakayesafiri.

Najua unachowaza. Unawaza msimu utapita. Unapiga hesabu ya mvua, ya magugu, ya nyani. Dada, acha upite. Mwaka ule mvua moja ingetupita, leo mimi ningekuwa Mfangano, Otieno angekuwa akichunga ng'ombe wa watu, na Achieng' nisingemjua sura. Hatukuweza kungoja hata wiki. Leo Otieno anatengeneza injini za boti, Achieng' ana kazi yake hospitalini Homa Bay, mimi nina vichwa vya wanawake wa Migori. Shamba lisipotoa kitu mwaka huu, tutanunua unga dukani, na jioni tutakula. Sasa tunaweza kungoja. Ulisema hukioni kitu cha maana ulichofanya maishani mwako. Ni hicho.

Kwa hivyo usije kama mgeni. Mgeni hukaribishwa, akashiba, akasimulia habari, akaenda zake, na hakuna shamba linalomngoja. Ulimwambia Otieno mwenyewe, ukikwangua sufuria, na hukugeuka hata kumtazama: wewe utakuwaje mgeni, na hapa ni kwako? Waambie hutii sahihi. Njoo. Mvua inanyesha na hatujapanda.

Ni mimi mdogo wako anayekufuata, niliyebeba gorogoro likiwa zito kwenda na zito zaidi kurudi,

Awuor